Namba za uhai kwenye demensia zikigoma: anzia kwenye saa, si kwenye programu

Ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote huja usiku, mara nyingi wiki ya kuwasilisha tasnifu: "Kaka, samahani kwa usumbufu. Data nimeisafisha, amri zimekubali, lakini mediani inatoka miaka 9 na ushei. Msimamizi kasema haiwezekani." Na msimamizi yuko sahihi. Jibu langu halibadiliki: iache programu kwanza. Niambie saa, yaani hesabu ya muda ambao mtu ameishi na demensia (ugonjwa unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), umeiwasha wapi, na huyo mzee aliingia kwenye daftari lako siku gani.

Nimepanga hitilafu hizi kwa dalili, kwa kuwa ndivyo watu wanavyonijia nazo. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea sana kinatangulia, cha nadra kinafuata. Tukubaliane maneno matatu tu. Mediani ya uhai ni muda ambao ukishapita, nusu ya watu wameshafariki. Aliyekatizwa ni yule ambaye mara ya mwisho kumwona alikuwa hai, na baada ya hapo hatuna habari zake. Walio hatarini ni wale ambao, katika hatua fulani ya saa, wako hai na sisi tunawaona. Hilo neno "tunawaona" ndilo litakalotusumbua karibu mpaka mwisho.

Kabla ya kugusa chochote

Chukua karatasi na kalamu. Toa wagonjwa watano kwenye data, wowote wale, na kwa kila mmoja chora mstari wenye alama tatu: dalili zilipoanza, utafiti ulipomkuta, alipofariki au alipoonekana mara ya mwisho. Usiruke hatua hii kwa kuiona ya kitoto. Niliwahi kumaliza tatizo la miezi miwili kwa dakika kumi za kuchora, maana tuligundua safu iliyoitwa "tarehe_mwanzo" ilibeba vitu viwili: kwa nusu ya watu ni mwaka ambao familia ilianza kuona mambo, kwa waliobaki ni siku daktari alipoandika jina la ugonjwa. Hospitali yenyewe siitaji, na wala si ya kwanza.

Halafu uamue swali. Muda tangu dalili zianze ni swali moja, muda tangu utambuzi wa daktari ni jingine. Kati ya siku hizo mbili hupita miaka kadhaa, hasa kwetu ambako mzee akianza kurudia maneno watu husema ni uzee tu, au amerudi utotoni.

Dalili ya 1: Watu wanaishi mno

Mediani inatoka kubwa kuliko kila ulichosoma. Mchoro wa Kaplan-Meier, unaoonyesha sehemu ya watu walio hai kadiri muda unavyokwenda, unaanza kama dari: miaka miwili au mitatu ya kwanza hakuna anayekufa, kisha ndipo unaanza kushuka.

*Chanzo kikuu: umewakuta waliosalia.* Tuseme kijijini wazee watatu walianza kusahau mwaka 2010. Wa kwanza akafariki 2011, wa pili 2013, wa tatu 2018. Timu yenu ilifika 2015, ikapita nyumba kwa nyumba. Ilimkuta nani? Wa tatu peke yake. Mkaandika: alianza 2010, kafariki 2018, kaishi miaka 8. Wastani wa kweli wa wazee wale watatu ni miaka 4. Mmeuzidisha mara mbili na hakuna hesabu hata moja mliyokosea.

Mvuvi hahitaji kuelezwa hili. Ukitega jarife, dagaa hupita kwenye matundu, na hujamsikia mvuvi akirudi pwani kutangaza kwamba baharini hakuna dagaa. Utafiti unaokusanya watu ambao tayari wana demensia ni jarife. Wenye ugonjwa wa muda mfupi wamepita kabla wavu haujateremka, na kadiri mtu anavyoishi muda mrefu na ugonjwa ndivyo nafasi yake ya kunaswa inavyoongezeka.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Kanada. Mwaka 1991 ulianza utafiti mkubwa wa afya na uzee nchini humo, wenye watu zaidi ya 10,000 wa miaka 65 na kuendelea. Christina Wolfson na wenzake waliwachambua washiriki 821 waliokuwa na demensia, wakachapisha matokeo mwaka 2001 katika New England Journal of Medicine. Hesabu ya kawaida, kuanzia mwanzo wa dalili, ilitoa mediani ya miaka 6.6. Waliporekebisha athari ya jarife, ikawa miaka 3.3. Watu ni walewale na vifo ni vilevile.

Kwetu data ya aina hii ndiyo tuliyo nayo zaidi. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010, ulipima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi na kukadiria, baada ya kusawazisha umri, kuwa asilimia 6.4 wana demensia. Baadaye wakafuatiliwa kwa miaka 4 kuona nani amefariki. Mtindo huo hauna kosa. Kosa huja pale mtu anapochukua data ya namna hiyo na kuihesabu kana kwamba alikuwepo siku dalili za kila mzee zilipoanza.

Ukaguzi wa haraka: hesabu waliofariki ndani ya mwaka wa kwanza tangu dalili zianze. Ukikuta sifuri, usidhani ugonjwa ni mpole. Waliofariki mapema hukuwakuta.

Marekebisho: kila mtu aingie kwenye hesabu kuanzia siku ulipomwona, si kabla. Yule mzee wa tatu anaingia saa ikiwa kwenye mwaka wa 5, anatoka kwenye mwaka wa 8. Kuhusu miaka mitano ya kwanza hana ushahidi wa kutoa, kwa hiyo asiulizwe. Kwenye R, programu ya takwimu:

survfit(Surv(kuingia, kutoka, kifo) ~ 1, data = wazee)

"Kuingia" ni miaka tangu dalili hadi usajili. "Kutoka" ni miaka tangu dalili hadi kifo au mara ya mwisho kuonekana. Aliyeandika Surv(kutoka, kifo) ndiye atakayenitumia ujumbe usiku. Kwenye Stata, programu nyingine ya takwimu, mambo ni yaleyale:

stset mwisho, failure(kifo) origin(time mwanzo) enter(time usajili) scale(365.25)

Marekebisho ya ndani zaidi: njia hiyo ya kuingia kwa kuchelewa inafanya kazi hata kama idadi ya wagonjwa wapya imekuwa ikipanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Lakini inatupa taarifa. Kama wagonjwa wapya wamekuwa wakitokea kwa kasi isiyobadilika, ipo njia inayotumia pia umbali kati ya dalili na usajili, na inatoa makadirio yenye uhakika zaidi. Asgharian, M'Lan na Wolfson waliieleza mwaka 2002 wakitumia data ileile ya Kanada. Sharti lake unaweza kulikagua kwa macho. Chora mistari miwili: mmoja wa muda tangu dalili hadi usajili, mwingine wa muda tangu usajili hadi kifo. Kasi ikiwa haijabadilika, mistari hiyo hufuatana kama ndugu. Ikiachana, rudi kwenye kuingia kwa kuchelewa ukae hapo.

Simama: ukiona waliosajiliwa wakiwa na miaka mingi ya ugonjwa wanakufa kwa mtindo tofauti kabisa na waliosajiliwa mapema, hata ukiwalinganisha katika hatua ileile ya saa, basi muda wa kuingia na muda wa kufa vimeshikamana. Hapo hata kuingia kwa kuchelewa kunadanganya. Mtafute mtakwimu aliyewahi kushughulika na data ya namna hiyo, tena kabla hujaandika sura ya matokeo.

*Chanzo cha pili: umewaweka watu hai hadi siku ya kufunga daftari.* Kila ambaye kifo chake hakikuripotiwa ameandikiwa tarehe 31 Desemba, yuko hai. Nani kamwona? Binti yake alimhamishia mjini, simu haipatikani, na huenda tanga lilishaondolewa zamani. Kama una rejista ya vifo isiyoacha mtu, tarehe ya mwisho ya rejista ni halali kutumika. Kama huna, tumia siku aliyoonekana kwa macho au kuthibitishwa na ndugu. Jihadhari na mchanganyiko wa hizo mbili: vifo vikisikika haraka huku walio hai wakihesabiwa tu kila ziara, utawakatiza walio hai mapema na kuendelea kuhesabu vifo, na kosa litageukia upande wa pili.

*Chanzo cha tatu, cha nadra:* familia imeisogeza tarehe ya mwanzo nyuma mno, ikiunganisha usahaulifu wa kawaida na ugonjwa. Hilo linatupeleka kwenye tarehe zenyewe.

Dalili ya 2: Programu inafuta watu, au inalalamikia tarehe

R inakuonya kwamba mwisho hauzidi mwanzo na inaweka NA, yaani thamani haipo. Au hailalamiki kabisa, ila chini ya matokeo kuna mstari mwembamba unaosema watu kadhaa wameondolewa kwa kukosa data. Usomeni huo mstari, jamani.

Kinachotokea sana ni tarehe za kubuniwa. Familia imetaja mwaka tu, karani akaandika 1 Julai. Mzee amesajiliwa Machi mwaka huohuo. Sasa amesajiliwa kabla hajaugua, muda wake wa kuingia unakuwa hasi, na mtu wa namna hiyo mara nyingi huishia kutupwa wakati wa kusafisha data. Kibaya zaidi ni kwamba wanaotupwa hivyo ni walewale ambao ugonjwa wao ulikuwa mpya, yaani wachache uliobahatika kuwakuta mapema. Ukaguzi: panga data kwa mwezi wa kuanza dalili. Ukiona mwezi mmoja umejaa kupita mingine yote, si msimu wa kusahau, ni kalamu ya karani.

Kinachofuata ni siku na mwezi kubadilishana nafasi kwa sababu kompyuta imewekwa mtindo wa Kimarekani. Tarehe 04/09 inakuwa Aprili 9. Kuanzia tarehe 13 kosa linajifichua, kabla ya hapo halionekani. Cha nadra ni aliyefariki siku aliyosajiliwa. Huyo mpe nusu siku, usimfute.

Dawa ya kweli ya tarehe haipo kwenye kompyuta, ipo kwenye mkeka. Nitaeleza mahojiano moja kwa kirefu kidogo kwa sababu fomu nyingi zinauliza "mwaka gani?" na kuishia hapo. Mkamwana alikuwa anapeta mchele huku akijibu. Mwaka? "Sijui baba, ni siku nyingi." Tukaacha kuuliza mwaka. Wakati wa korona alikuwaje? "Korona alikuwa mzima kabisa, yeye ndiye aliyetufukiza nyungu nyumba nzima, anakumbuka majani yote." Rais Magufuli alipofariki? Akaacha kupeta. "Hapo ndipo. Alilia kutwa. Kesho yake akatuuliza mbona bendera ziko nusu mlingoti."

Korona iliingia Tanzania Machi 2020, na Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Sasa tuna kipindi chenye kingo mbili, kilichotokana na kitu alichokifanya mzee na kitu alichoshindwa. Andika kingo zote mbili, kila moja kwenye safu yake. Ukihitaji siku moja ya kuanzia hesabu, chukua katikati, kisha urudie uchambuzi ukitumia kingo ya mwanzo na tena kingo ya mwisho. Mediani ikibadilika kwa miezi michache, endelea. Ikibadilika kwa miaka, simama: tarehe zako hazibebi uzito wa swali ulilouliza, na pengine uhesabu tangu usajili badala ya tangu dalili.

Umri nao una ugonjwa wake. Wazee wengi hupewa miaka inayoishia na 0 au 5. Chora mchoro wa umri uone vilima. Hapa Uhuru wa 1961 na Azimio la Arusha la 1967 husaidia zaidi kuliko kitambulisho ambacho nacho kiliandikwa kwa kukisia.

Dalili ya 3: Mchoro unaporomoka hadi sifuri mwanzoni

Hii huwapata waliotibu dalili ya 1 vizuri. Mchoro uliokuwa dari sasa umekuwa shimo: miezi mitatu tu, uhai sifuri.

Karibu kila mara chanzo ni kwamba mwanzoni mwa saa kuna mtu mmoja au wawili tu hatarini, kwa kuwa wengine wote waliingia baadaye. Akifa yule mmoja, hesabu inasema wote wamekufa, na sifuri ukiizidisha na chochote haifufuki. Chapisha idadi ya walio hatarini kila hatua. Kisha anza hesabu pale kundi linapokuwa na watu wa kutosha, kwa mfano baada ya mwaka 1, kwa kutumia start.time ndani ya survfit, na useme wazi kwenye kichwa cha jedwali: huu ni uhai wa wale waliofikisha mwaka mmoja na ugonjwa. Ukikosa kusema hivyo umerudi kwenye jarife kwa mlango wa nyuma.

Kama hukutumia kuingia kwa kuchelewa na bado watu wanakufa haraka mno, angalia walikotoka. Wagonjwa wa wodini hufikishwa wakiwa taabani, na baadhi hawana demensia kabisa: mzee mwenye maambukizi makali anaweza kuchanganyikiwa ghafla kwa siku chache. Hilo takwimu hailitibu. Mwite daktari apitie mafaili.

Dalili ya 4: Dawa inaongeza miaka

Waliotumia donepezil, dawa ya demensia, wanaishi muda mrefu kuliko wasiotumia, tena kwa tofauti inayotamanisha kichwa cha habari. Kabla hujafurahi, uliza dawa ilianza lini. Mtu aliyeanza dawa miaka 2 baada ya dalili ilibidi awe hai miaka hiyo 2 ili aipate. Ukimweka kundi la "watumiaji" tangu siku ya kwanza, umelizawadia kundi hilo miaka ambayo ndani yake kufa hakukuwezekana. Waliokufa kabla ya kufika kliniki wote wameangukia upande wa pili.

Ukaguzi: kuna hata mtumiaji mmoja aliyefariki kabla ya muda wa kawaida wa kuanza dawa? Marekebisho mepesi ni kuchagua alama, tuseme mwezi wa 12, kuwachukua waliofika hapo wakiwa hai tu, na kuwagawa kwa hali waliyokuwa nayo siku hiyo. Yaliyo bora ni kumkata mtu vipande viwili: kipande cha kabla ya dawa kinahesabiwa kwa wasiotumia, cha baada kwa watumiaji, tmerge kwenye R ina kazi hiyo.

Simama: hata ukishakata vipande, anayepewa dawa ana ndugu wa kumpeleka kliniki, ana nauli, na daktari amemwona bado ana nguvu. Hayo hayaondoki kwa amri moja ya modeli ya Cox, ile inayolinganisha kasi ya vifo kati ya makundi. Usiandike kwamba dawa inarefusha maisha bila mtu anayejua uchambuzi wa visababishi kukaa na data hiyo.

Dalili ya 5: Asilimia ukizijumlisha zinapita 100

Umekadiria kwa Kaplan-Meier kwamba asilimia 60 watahamia nyumba ya kutunzia wazee. Umekadiria vilevile kwamba asilimia 70 watafariki kabla ya kuhamia. Jumla 130. Hakuna kijiji chenye asilimia 130.

Chanzo ni kimoja: aliyefariki umemfanya kama aliyekatizwa. Kumkatiza mtu ni kusema tunayemsubiri anaweza bado kuhamia, ila hatumwoni tu. Marehemu hatahamia. Tumia njia ya Aalen-Johansen, ambayo hugawa watu kati ya hatima zote na jumla haivuki 100. Kwa modeli, kuna njia ya Fine na Gray ya mwaka 1999 inayofaa ukitaka kutabiri watu wangapi watapatwa na tukio, na kuna modeli ya Cox ya kila hatima peke yake ukitaka kujua nini kinasukuma nini. Watu wanapenda kugombana ipi ni bora. Mimi huwauliza kwanza wanatabiri au wanatafuta sababu, na ugomvi huisha.

Tatizo hilihili lina sura ngumu zaidi pale tukio lenyewe linapokuwa kupata demensia. Utafiti wa Paquid, ulioanza 1988 katika majimbo ya Gironde na Dordogne, Ufaransa, ukiwa na watu 3,777 wa miaka 65 na zaidi, ulikuwa ukiwatembelea washiriki kila baada ya miaka kadhaa. Mtu aliyeonekana mzima ziara ya mwisho kisha akafariki kabla ya ziara inayofuata, je, alifariki akiwa na demensia? Hatujui, na kwa wazee wa miaka 85 watu wa hivyo ni wengi. Ukiwakatiza wote kwenye ziara ya mwisho kana kwamba walikuwa wazima, utapunguza idadi ya wagonjwa. Ukaguzi wake: hesabu waliokufa kati ya ziara mbili. Wakiwa wachache, andika upungufu huo uendelee. Wakiwa wengi, unahitaji modeli ya hali tatu (mzima, mgonjwa, marehemu) inayokubali kwamba siku ya kuugua iko mahali fulani kati ya ziara. Kifurushi cha SmoothHazard kwenye R kilitengenezwa kwa kazi hiyo. Hii si kazi ya kujifunza kwenye data ya mtu mwingine wiki ya mwisho. Omba msaada.

Dalili ya 6: Mediani haitoki, programu inaandika NA

Chini ya nusu ya watu wamefariki. Basi. Hakuna kilichoharibika. Toa asilimia walio hai mwaka wa 1, wa 3 na wa 5, au wastani wa miaka waliyoishi ndani ya kipindi ulichokiona. Usiuvute mstari mbele kwa rula.

Dalili ya 7: Mistari ya makundi inapishana

Wanaume na wanawake, au wenye Alzheimer na wenye demensia ya mishipa ya damu, wanaanza mmoja juu na kumaliza chini. Uwiano mmoja wa hatari (namba inayosema kundi hili linakufa kwa kasi mara ngapi ya lile), kama modeli ya Cox ya 1972 inavyoutoa, hauwezi kueleza picha hiyo. Mara nyingi umri ndio unaochezea: makundi hayana umri sawa, na umri unaua kuliko kitu kingine chochote kwenye jedwali lako. Jaribu kufanya umri wenyewe kuwa saa, mtu aingie kwa umri wa usajili na atoke kwa umri wa kifo. Kisha endesha cox.zph, amri ya R inayokagua kama uwiano huo haubadiliki na muda, na uangalie mchoro wake kabla ya kutazama thamani ya p. Bado zinapishana? Linganisha wastani wa miaka ndani ya kipindi maalumu kwa kila kundi, uachane na uwiano mmoja.

Dalili ya 8: Namba yako hailingani na za wenzako

Umerekebisha yote, na bado mtahini anakuuliza mbona kuna utafiti unasema vingine. Usianze kuomba radhi. Angalia saa yao. Utafiti wa Uingereza na Wales uliochapishwa na Xie, Brayne na Matthews katika jarida la tiba la BMJ mwaka 2008 ulianza na watu 13,004 na kuwafuata 438 walioupata ugonjwa wakati wa utafiti. Mediani tangu mwanzo ilikuwa miaka 4.1 kwa wanaume na 4.6 kwa wanawake. Uchambuzi mkubwa uliotoka katika BMJ mwaka 2025, uliokusanya tafiti nyingi, ulihesabu tangu utambuzi, na ukaona muda unatoka miaka 8.9 kwa wanawake wenye wastani wa umri wa miaka 60 hadi miaka 2.2 kwa wanaume wa miaka 85. Ndani ya pengo hilo namba yako, ya Kanada na ya Uingereza zote zinaenea. Andika jedwali lenye safu nne: saa ilianzia wapi, watu walipatikanaje, umri wao, walioko hatarini mwanzoni. Mtahini akiliona hilo, mara nyingi swali linageuka mazungumzo.

Dalili ya 9: Daktari anataka namba moja ya kumwambia mgonjwa

Hii si hitilafu ya data, ila inaletwa kwangu kama moja. "Shikamoo, nina mama wa miaka 78 hapa, binti yake anauliza amebakiza muda gani. Ile mediani yako ni ngapi?"

Simama kabla ya kujibu. Mediani ni ya kundi, na nusu ya kundi hufa kabla yake kwa maana yake yenyewe. Tena ilihesabiwa tangu dalili zianze, na mama huyo tayari ameishi miaka mitatu kati ya hiyo. Usimtolee mitatu kwenye mediani, maana aliyefikisha mwaka wa tatu ana mchoro wake mpya unaoanzia pale. Nilimpa daktari mchoro huo, wa waliofikisha miaka 3 na wenye umri wa miaka 75 hadi 79, pamoja na idadi yao: walikuwa 14. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza kama wanane kati yao walikuwa hai mwaka uliofuata. Nikamwambia tisa.